Jinsi Hilkka wa Kreni Alivyopeleka Sauna Wodini

Tulieni, enyi mlioketi na mliosimama, na wewe unayetafuna huko nyuma umeze kwanza, maana habari nitakayoisimulia haisikilizwi na mdomo uliojaa. Wengine wamesimulia vita vya wafalme, ngome zilizobomolewa na miji iliyotiwa moto. Wafalme hao mimi siwajui wala sina haja nao. Nitamsifu mwanamke wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye katika mwezi wa Februari, katika mji wa Kemi, kaskazini ya mbali, kwenye baridi ya digrii ishirini na nne chini ya sifuri, alikaa kitako mbele ya kompyuta siku mbili na kutenda jambo lisilowahi kutendwa tangu ulimwengu uumbwe. Asiyesadiki akaulize wodini.

Jina lake ni Hilkka Tervaniemi, na sifa zake ni hizi: Hilkka wa Kreni, Mpakiaji wa Meli za Mataifa, aliyeketi miaka thelathini na moja katika kibanda cha kreni bandarini, juu ya vichwa vya wanaume, akishusha marobota ya karatasi kwenye matumbo ya meli pasipo kuangusha hata moja. Aliangusha moja mwaka wa kwanza, lakini hilo lilikuwa la upepo, na sisi tumeshalisamehe.

Shujaa huyu alikuwa na kaka mmoja tu, Oiva, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, mwenye miaka sabini na miwili. Oiva alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha nchi ile, ambako ukimsalimia jirani mara mbili kwa siku hudhani una homa. Kwa miaka arobaini, kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, ndugu hawa wawili waliketi katika sauna ya uani kwa Hilkka, kibanda cha magogo cha kutokwa jasho uchi, jiko la kuni likinguruma, joto digrii tisini, nao walikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: anayetoka wa kwanza ameshindwa. Hilkka hakuwahi kutoka wa kwanza, wala Oiva hakuwahi. Walikuwa wakitoka pamoja, wamebanana mlangoni, wekundu wote wawili, kila mmoja akiapa kwamba ni mwenzake aliyeinua tako mapema.

Ikawa asubuhi moja Oiva akaenda kuchukua gazeti kwenye sanduku la barua, barafu ikamtelezesha, na nyonga ikavunjika. Madaktari wakaifunga kwa chuma, kazi safi ambayo hata yeye fundi hakuiona kasoro. Kisha daktari akatamka hukumu: pasiwe na sauna kwa wiki sita, mpaka kidonda kifunge. Tangu saa ile Oiva akageukia ukuta. Chakula kikaja, kikarudi. Fremu ya kutembelea ikawekwa kando ya kitanda, ikakaa pale kama mgeni asiyekaribishwa. Na kwa kuwa hata akiwa mzima hakuwa akisema, ilichukua siku nne kabla mtu yeyote hajatambua kwamba ana huzuni.

Siku ya kumi na moja, ambayo ilikuwa Alhamisi, mtaalamu wa mazoezi alimvuta Hilkka kando kwenye ujia.

"Mguu wenyewe hauna tatizo," akasema. "Ni yeye ndiye hataki. Daktari anapita Jumatatu. Kama mpaka hapo Oiva hajasimama na kutembea, atapandishwa ghorofa ya tatu."

"Na wale wa ghorofa ya tatu hurudi nyumbani lini?"

Yule mwanamke akatazama viatu vyake. Hilkka akaelewa kwamba hawarudi.

Sasa sina budi kuwaambieni habari za nchi ya pili, kwa maana vita yenyewe ilipiganwa huko. Kuna mchezo wa kompyuta uitwao Baridi Kuu, na kazi yake yote ni moja, usife. Humo mna theluji, njaa na mbwa mwitu. Mwili ukipoa mno unakufa, ukichemka mno unakufa, ukivua nguo nje utakufa huku unajuta. Kwa miaka minne Hilkka, Oiva na rafiki yao Reijo walikuwa wameishi humo, wakipasua kuni na kuvua samaki kwenye tundu la barafuni mbele ya nyumba yao ya magogo. Mtu atauliza, watu wenye theluji mpaka dirishani wanatafuta nini katika theluji ya kompyuta? Usiniulize mimi, waulize wao, na watakujibu "mh".

Nchi ile ilikuwa na aibu moja kubwa. Walioutunga mchezo, watu wa mahali pa joto bila shaka, waliweka humo aina sita za ndevu na hawakuweka sauna. Ukitaka kisichokuwemo, huna budi kutafuta modi, yaani viraka ambavyo wachezaji wenyewe huvishona majumbani mwao na kuvigawa bure kwenye mtandao, wewe uvibandike kwenye mchezo wako kwa hatari yako mwenyewe. Miaka mitatu nyuma Hilkka alikuwa amependekeza modi ya sauna. Oiva akajibu, "Sauna ya vidole," na kila mtu akafahamu kwamba shauri limefungwa.

Basi Alhamisi ile Hilkka akaingia wodini, akasogeza kitanda, akachomeka kiti kati ya kitanda na ukuta ili kaka yake akose pa kugeukia, akanena.

"Kaka, mimi ni dada yako wa tumbo moja, na leo nimekuja na neno. Wewe huwezi kwenda sauna. Sawa, daktari kasema, na daktari ana karatasi. Basi sauna itakuja kwako. Ile kompyuta niliyokuletea iko chini ya kitanda inaota vumbi. Jumamosi saa kumi na moja jioni uifungue, uingie Baridi Kuu, uje nyumbani kwetu ziwani. Utakuta sauna imejengwa na jiko linawaka."

Oiva akatazama dari. "Ya vidole," akasema.

"Ya vidole, ndiyo. Una kingine kinachofanya kazi?"

Kahawa ikapoa mezani. Kisha Oiva, bila kugeuza kichwa, akatamka maneno manne, ya kwanza ya maana kwa siku kumi na moja. "Chini ya tisini, usiniite."

Hilkka alitoka mle wodini ameyabeba maneno hayo kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi, jikoni kwake, alilifungua lango la modi, ambako zimejipanga maelfu kwa maelfu, kila moja na picha yake na majigambo yake. Kando yake aliketi Reijo Kuusela, Reijo wa Posta, Mlezi wa Nakala, ambaye alipanga barua za mji miaka thelathini na saba na sasa alikuwa mtunza seva. Seva yenyewe, yaani kompyuta iliyohifadhi dunia yao, ilikaa kabatini kwake pamoja na majaketi. Reijo alikuja na mikate ya iliki aliyoioka mwenyewe, pamoja na daftari.

"Hilkka," akanena, akisimama kwa ajili ya hotuba yake, "mimi sina ugomvi na nia yako. Nia yako ni njema. Lakini dunia yetu ina miaka minne, na dunia ya miaka minne haiguswi kama mlango wa friji. Kanuni ni kwamba nakala yake ichukuliwe kwanza, ya kurudia mambo yakiharibika, kisha modi iwekwe, kisha tuombe."

"Reijo, ulikuwa mpanga barua, hukuwa waziri. Kaa."

"Nakaa. Lakini nakala nitachukua."

Hilkka akaandika neno moja tu, na sauna kumi na saba zikajitokeza mbele yake kama jeshi kwenye gwaride, naye akaanza kuzikagua moja moja. Ya kwanza ilikuwa na muziki na taa za rangi. "Hii ni disko," akasema, akaipitisha kwenye upanga. Ya pili, watu waliketi mle ndani wamevaa makoti na kofia za manyoya, na Reijo akafunika macho. Ya tatu ilikuwa na jiko la umeme. Ya nne ilikuwa na dubu aliyewahudumia wateja.

"Huyu mimi nimempenda," akasema Reijo.

"Ni dubu, Reijo."

"Ana adabu. Angalia, anashika taulo."

Dubu akaanguka, na Reijo akaandika daftarini kwamba kura yake ilikuwa ya dubu. Ya tisa ilijisifu kuwa na joto la digrii arobaini na tano, kwa ajili ya afya. Hilkka akavua miwani, akaipangusa, akasoma upya, na ilikuwa arobaini na tano vilevile. "Kwangu hicho ni chumba cha kukaushia soksi," akasema, na huruma yake kwa walimwengu ikaongezeka.

Mchana ulikuwa umeshafika walipoifikia ya kumi na sita. Magogo meusi kwa moshi. Mabenchi ya ngazi tatu. Kifurushi cha matawi ya mti wa mbetula cha kujichapia mgongo. Na ulipomwaga maji juu ya mawe yalitoa sauti, ile sauti yenyewe, mpaka Reijo akaacha kutafuna. Wakatazamana. Halafu Hilkka akashuka kwa macho mpaka chini, palipoandikwa jina la fundi, na uso wake ukawa mweupe. Fundi aliitwa Börje, mkazi wa Haparanda.

Msikilizaji, tuwaache wapumue kidogo. Kati ya nchi ile na Uswidi kuna mto tu, na Haparanda iko ng'ambo. Lakini kuna mambo ya hoki ya barafu, nani alimfunga nani, ambayo yanaufanya mto ule kuwa mpana sana, nami siwezi kuyaingilia nikatoka salama.

"Mswidi," akasema Reijo.

"Nimeona."

"Mswidi ametengeneza sauna nzuri."

"Nimeona, Reijo, nina macho. Hilo huna haja ya kuliandika daftarini."

Chini ya jina palikuwa na onyo. Börje aliandika kwamba joto la juu la sauna yake ni digrii sabini, na tafadhali watu wasiipandishe namba hiyo, kwani miili ya mchezo ule haivumilii zaidi. Yeye amejaribu na amekufa mara nyingi.

Hilkka akacheka mpaka makombo yakaruka. "Mwili wa Mswidi hauvumilii," akasema. Akaipakua modi, akafungua faili lake, akaitafuta namba sabini, akaifuta, akaandika tisini. Hapo ndipo kosa lilipotendeka, nalo ni kosa ambalo taifa lingine lolote lisingelitenda. Mtaliano angesoma onyo lile, akashukuru, akaenda kula.

Jumamosi saa nane mchana wakaanza kuiweka. Dunia yao tayari ilikuwa imevaa modi mbili za zamani: Kipupwe Kirefu, iliyobadili hali ya hewa ya nchi nzima, na Mbwa Mwitu Wengi, aliyoipenda Oiva. Mchezo huzisoma modi kwa zamu, ile ya nyuma ikilala juu ya iliyotangulia, na mpangaji alikuwa Reijo, kwa sababu ya uzoefu.

"Kule posta," akasema, "barua nyepesi hutangulia na vifurushi hufuata. Sauna ni ndogo, iingie kwanza. Kipupwe ni kikubwa, kije mwisho."

Wakabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Wakabonyeza tena, na weusi ukawa uleule, na ndani yake Hilkka akaona uso wake mwenyewe na miwani yenye waya. Saa tisa ikapita. Reijo akala mkate wa tatu, wa hofu. Hilkka akafumba macho, akaona tumbo la meli chini ya kreni yake, na mara akapiga meza kwa kiganja.

"Reijo, umeweka kontena juu ya vikombe. Mzigo mzito unakaa chini, mwepesi unapanda juu. Kwanza Kipupwe, kisha Mbwa Mwitu, sauna juu kabisa. Kama meli yoyote ile."

Akazipanga kwa mkono wake, mkono ule uliopakia karatasi za magazeti ya mabara manne, akabonyeza. Na tazama, giza likapasuka, dunia ikafunguka. Nyumba ilikuwepo, na ziwa, na tundu la samaki la Oiva. Kando ya nyumba, kwenye theluji iliyokuwa tupu kwa miaka minne, palisimama sauna nyeusi, inatoa moshi. Hilkka alifurahi kiasi kwamba aliinuka kwenda kuongeza kahawa.

Wakaingia wote wawili, kila mmoja na kompyuta yake pale mezani, kuijaribu. Sabini, themanini, tisini. Kila mtu mchezoni ana kipimo cha mwili pembeni mwa skrini, cha kijani ukiwa salama, na cha Reijo kikaenda njano, kikaenda nyekundu. Saa kumi kasoro dakika kumi Reijo wa Posta alikufa, uchi wa mnyama, kwenye benchi la juu.

"Nimekufa," akasema, akichukua mkate.

Nusu dakika baadaye Hilkka akaanguka karibu yake.

"Umekufa baada yangu," akasema Reijo.

"Bila shaka."

Wakairudisha nakala, na mtu yeyote asimdharau tena Mlezi wa Nakala. Wakaingia tena, wakafa tena. Dakika tatu kila mara, na si sekunde moja zaidi. Baada ya kifo cha tatu saa ilikuwa kumi na robo, na maneno ya Mswidi yalikuwa bado pale chini, yamesimama kwa adabu.

"Tuishushe mpaka sabini," akasema Reijo. "Hatajua."

"Atajua."

"Kile kipimajoto cha ukutani ni picha tu. Tunaweza kuichora upya."

"Reijo. Atajua."

Reijo akapekua lango la modi, akarudi na silaha ya mwisho, iitwayo Mwili wa Chuma. Ukiivaa hiyo husikii joto, husikii baridi wala njaa. Unaweza kuketi kwenye digrii mia tano unapiga miayo. Kubonyeza mara moja tu, na kaka yao angekaa salama hata mwaka. Hilkka akaweka kidole juu ya kipanya, na pale kikakaa.

"Oiva tayari hasikii kitu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kreni tena. "Siku kumi na tatu sasa. Hasikii njaa, hasikii mguu, mimi mwenyewe nikiongea hanisikii. Halafu nimpelekee modi ya kutosikia?"

Reijo akalifunga lile dirisha la modi polepole, akasogeza kikapu cha mikate upande wa Hilkka, na katika nchi ile hakuna kukumbatiana kunakozidi hapo.

Wakaingia mara ya nne, kwa kukosa la kufanya. Themanini. Tisini. Nyekundu ikapanda.

"Ningekuwa nyumbani," akasema Hilkka, "sasa hivi ningekuwa nafanya nini?"

"Ungekuwa nje," akasema Reijo, "umejitupa kwenye theluji."

Miaka minne walikuwa wamejifunza kwamba ukivua nguo nje utakufa, na mafundisho yale yaliwaingia mpaka wakasahau walichozaliwa wakikijua. Hilkka akabana kitufe cha kukimbia. Mwili wake ukatoka mlangoni bila hata soksi, ukavuka theluji, ukajitumbukiza kwenye tundu la samaki la Oiva. Na kile kipimo, kilichokuwa kinamweka kaburini, kikashuka mpaka kijani. Akahesabu hadi thelathini, akarudi ndani, akaketi. Alikuwa hai. Dakika tatu ndani, nusu dakika majini, rudi, na mtu angeweza kuendelea hivyo mpaka kiama.

"Kumbe Börje alikaa ndani tu," akasema Reijo.

"Hakutoka nje hata mara moja," akasema Hilkka. "Mimi hilo halinishangazi."

Ikafika saa kumi na moja. Wakavaa spika za masikioni, wakangoja kando ya jiko. Jina la Oiva halikuwaka. Dakika nne, halikuwaka. Dakika ya saba Reijo alifungua kinywa aseme neno la faraja, na Hilkka akamkanya kwa jicho. Ndipo jina likawaka. Oiva alikuwa palepale alipoachwa wiki mbili zilizopita, kando ya rundo la kuni, shoka mkononi. Akaizunguka sauna mara moja, kimyakimya, anaikagua. Akafungua mlango.

"Unafunguka kwa ndani," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Nani kaujenga?"

Hilkka akaishusha sauti. "Mswidi. Wa Haparanda."

"Mh," akasema Oiva, akavua nguo, akapanda benchi la juu.

Akasoma kipimajoto. Tisini. Akachota maji, akayamwaga juu ya mawe, na ile sauti ikajaa masikio ya watu watatu, wawili jikoni na mmoja wodini.

"Sikiliza, kaka," akasema Hilkka. "Humu ni dakika tatu. Zikifika tunakimbilia tundu lako la samaki, la sivyo tunakufa. Mimi nimeshakufa mara tatu leo."

"Sawa," akasema Oiva.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Vipimo vikawa vya njano.

"Haya, twende," akasema Hilkka.

"Tangulieni."

Hilkka alikuwa ameipigia hesabu kila modi na kila digrii, akamsahau kaka yake.

"Mimi nimekufa vya kutosha," akasema Reijo, akatoka. Lakini Reijo ni mtu wa posta, katika jambo hili hahesabiwi. Wakabaki wawili, bega kwa bega, na nyekundu ikianza kupanda. Hilkka alimjua yule mtu. Alijua kwamba hatainuka kwanza, hata iweje, na kwamba akifa sasa, Jumamosi ya kwanza, kwenye sauna aliyoitilia shaka tangu mwanzo, ataifunga kompyuta na kurudi kwenye ukuta wake, na Jumatatu watampandisha ghorofa ya tatu kama mzigo usio na mwenyewe. Alijua pia jambo la pili, baya zaidi, kwamba na yeye hajui kuinuka kwanza. Miguu yake ilikuwa ya kompyuta, kitufe kilikuwa kimoja, na kidole kilikataa.

Sekunde ishirini zilibaki. Wako majemedari waliotoa miji yao ili watu wao waishi, na wakasifiwa kwa nyimbo. Hilkka wa Kreni alitoa miaka arobaini.

"Oiva," akasema, "nimeshindwa. Natoka."

Akatoka. Hakugeuka nyuma. Alisimama kwenye theluji ya mchezo, uchi, anapoa, anahesabu: kumi, tisa, nane. Alipofika tano mlango ukafunguka, kwa ndani, na Oiva Tervaniemi, mwenye miaka sabini na miwili na chuma kwenye nyonga, akatoka mbio kama ndama aliyefunguliwa kamba, akampita dada yake, akampita Reijo, akaruka ndani ya tundu. Kisha masikioni mwao ikaja sauti ambayo Hilkka hakuitambua mara moja, maana ilikuwa imepotea siku nyingi. Oiva alikuwa anacheka.

"Ulitoka wa kwanza," akasema, akipanda kutoka majini.

"Nilitoka."

"Wewe."

"Mimi, ndiyo. Nimezeeka."

"Reijo, umeona?"

"Nimeona," akasema Reijo. "Naandika."

"Andika na saa."

Baada ya hapo akanyamaza. Mwili wake ukasimama kando ya tundu, kwenye theluji, haujongei. Hilkka akamwita mara moja, mara mbili. Baridi ikaanza kumla, kipimo kikageuka buluu, na bado kimya. Hilkka alikuwa anavua spika amtafute muuguzi, ndipo simu ikalia, na aliyepiga alikuwa muuguzi mwenyewe, Anniina.

"Hilkka, mmefanya nini?" akasema. "Kaka yako ameomba fremu. Anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

"Chumba cha kahawa. Anasema kuna wanaume kule wanaopaswa kuambiwa jambo."

"Umemshika?"

"Hataki kushikwa. Subiri, namhesabia hatua. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Amepumzika. Thelathini. Thelathini na moja, na mbili. Ameketi nao." Nyuma yake vikasikika vicheko vya wazee. "Anasema ulitoka wa kwanza. Anaomba na mkate. Ni kweli ulitoka wa kwanza?"

"Ni kweli," akasema Hilkka, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, asiyafute.

Kwenye skrini, mwili wa Oiva uliyumba, ukaanguka kifudifudi.

"Oiva amekufa," akasema Reijo.

"Mwache," akasema Hilkka. "Nakala ipo."

Reijo akaandika daftarini, na mimi nimeyaona kwa macho yangu: "Oiva alifariki saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili, akiwa chumba cha kahawa." Jumatatu daktari alipopita hakumkuta kitandani, alikuwa kwenye ujia, anamsimulia mfagiaji.

Na Hilkka? Jioni ileile alimwandikia Börje wa Haparanda barua ya kumshukuru. Aliandika, "Si mbaya," ambayo kwao ni sifa isiyo na nyingine juu yake, na watu wengine huzikwa bila kuambiwa. Chini akaongeza kwamba binadamu hutoka, apoe, arudi, na kwamba mlango wa sauna hufunguka kwa nje, ili aliyezidiwa na joto ausukume tu, tangu Adamu. Mswidi alijibu kwa adabu, kama kawaida yao, akairekebisha modi yake.

Basi wafalme na wajenge minara yao, mimi nimewaambia lililo kubwa kuliko minara. Tangu wiki ile, popote duniani, mtu yeyote atakayeiweka modi ile ya kumi na sita, awe wa Lima au wa Seoul, ataukuta mlango unafunguka kwa nje, na hatajua ni kwa sababu ya nani. Nanyi sasa mnajua, basi msiseme hamkuambiwa. Oiva naye alirudi nyumbani wiki ya tatu, na mpaka leo, ukimsalimia, atakujibu kwa kukuambia nani alitoka wa kwanza.